Tunaomba ufunguo wa bwalo: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu vya umma

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, wajumbe wa Mabaraza ya Vyuo, na ndugu zangu wa idara za miliki,

Shikamooni.

Nawaandikia kuhusu majengo mnayoyapita kila asubuhi mkienda ofisini. Yana kufuli kubwa mlangoni, mavi ya popo kwenye ngazi, na ndani viti vibovu vimepangwa mpaka darini vikisubiri kamati ya kufuta mali. Mabwalo ya zamani, karakana, maghala, kumbi ambazo zimepitwa na ukumbi mpya wenye viyoyozi. Ombi langu ni moja: yafungueni tuchezee.

Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari hapa Dar es Salaam. Kucheza nimestaafu, kulalamika bado.

Chuo nilichosoma sitakitaja, maana dhambi hii si yake peke yake. Kilikuwa na bwalo lililojengwa enzi zile wanafunzi wakilishwa na serikali. Ilipokuja habari ya kuchangia gharama, jiko likafungwa, mama lishe wakashika hatamu kando ya geti, na bwalo likabaki limesimama tu. Nilipofika mimi, mlinzi wa usiku alikuwa mzee mmoja mpole tuliyemwita Babu. Tulimbembeleza wiki nzima, siku ya nane akatufungulia. Tulikuwa wasichana wanne, raketi tatu za vinyoya (badminton) na wavu wa kuvulia samaki tuliounga kwa kamba ya katani.

Nikifumba macho bado naliona. Sakafu ya terazo, nyekundu, imepasuka mstari mmoja kutoka mlangoni hadi jikoni, na mstari huo ndio tuliufanya mpaka wa uwanja. Lile dirisha la kugawia chakula tuliligeuza ubao wa matokeo, tunaandika kwa chaki kwenye mbao zake. Jiko lilikuwa limezimwa miaka mingi, lakini ukisimama karibu na dirisha hilo siku ya mvua unasikia harufu ya maharage imetoka ukutani. Kulikuwa na feni nne na mbili zilifanya kazi. Shida ni kwamba kile kinyoya hakifiki hata gramu sita. Ukiwasha feni, kinakwenda kinakotaka chenyewe. Ukizima, unaoga jasho kabla ya seti kuisha. Tukakubaliana feni ziwake wakati wa kupumzika tu. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya uendeshaji wa uwanja wa ndani niliyojifunza maishani, na sikufundishwa na mhadhiri.

Ndani ya muhula mmoja tulikuwa zaidi ya ishirini. Kona moja meza ya mpira wa meza, kona nyingine vijana wa karate na magodoro waliyoyatoa bwenini kinyume cha sheria. Wazee wawili wa jikoni, waliohamishiwa bustanini, walikuwa wanakuja saa kumi jioni kucheza bao pembeni na kutuamulia ugomvi.

Jumatatu moja tukakuta kufuli jipya. Wiki ya kwanza tukaambiwa jengo ni bovu, ni hatari. Wiki ya pili, linasubiri ukarabati. Wiki ya tatu tukaona mapambo ya zambarau na dhahabu yanashushwa kwenye pikapu: limekodishwa kwa harusi. Yaani jengo lilikuwa bovu kwa wasichana wanne na kinyoya, lakini zima kwa wageni mia tatu na maspika ya kutikisa vioo. Babu alihamishwa lindo. Mimi nikarudi kukimbia barabarani, nikikwepa bodaboda.

Ni zamani, wala sina kinyongo. Ninachokiandika leo nimekiona tena mwaka huu, nilipopeleka wanafunzi wangu kwenye bonanza katika chuo kingine. Mvua ilishuka, uwanja wa wavu ukawa bwawa, watoto wakajibanza barazani mwa jengo refu lenye paa zuri, na jengo hilo limefungwa. Nikauliza ufunguo uko wapi. Nikaambiwa mwenye ufunguo yuko likizo.

Waheshimiwa, sisi si watu wa kuogopa kubadili matumizi ya jengo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza katika nyumba ya kuazima: Oktoba 1961, kitivo cha sheria peke yake, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mlimani walihamia 1964. Chuo cha ualimu Chang'ombe kiligeuzwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2005, na mwaka huohuo shule ya sekondari ya Mkwawa pale Iringa ikafanywa hivyohivyo, na madarasa waliyokalia vijana wa kidato cha tano yakawa ya shahada. Dodoma, ukumbi wa Chimwaga, ambao CCM ilikuwa ikifanyia mikutano yake mikuu, leo uko mikononi mwa chuo kikuu. Kwenye kusoma hatuna makuu. Penye paa tunaingia. Ikifika michezo ndipo tunataka kila kitu kiwe kipya, kiwe na mfadhili, kiwe na jiwe la msingi na utepe wa kukata. La sivyo, watoto wasubiri.

Niliwahi kukaa mwaka mmoja Ann Arbor, jimbo la Michigan, kwa kozi fupi. Pale Chuo Kikuu cha Michigan kuna jumba la matofali linaloitwa Yost. Lilifunguliwa mwaka 1923, mwaka mmoja tu baada ya Makerere kuanzishwa, na lilipewa jina la Fielding Yost, kocha aliyesimamia michezo yote ya chuo. Shida yake ilikuwa baridi: vijana wake wa mpira wa Kimarekani na wa riadha walihitaji mahali pa kufanyia mazoezi theluji ikiwa nje. Baadaye wakacheza humo mpira wa kikapu mpaka 1967, walipojengewa ukumbi mwingine mkubwa zaidi. Hapo ndipo ningetegemea kufuli na popo. Mwaka 1973 wakaligeuza kuwa uwanja wa barafu, na mpaka leo timu yao ya hoki inachezea humo.

Rafiki yangu mmoja alinipeleka saa za raia wa kawaida kuteleza. Nilivaa vile viatu vyenye kisu chini, nikashika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea, na sikuuachia kwa dakika kumi nzima. Kibabu cha miaka sabini na kitu kikanipita mikono nyuma kama anakwenda msikitini. Nilipoanguka, nikiwa nimelala chali ndipo nikaliona jengo sawasawa: madirisha marefu yenye tao, matofali ya rangi ya udongo, na juu vyuma vya paa viko wazi, vilevile vya 1923. Barafu ilikuwa ngeni humo, kila kitu kingine kilikuwa cha zamani. Nikalikumbuka bwalo letu, na nikiri nilipandwa na hasira kidogo, mgongo umelowa.

Kuna lingine ambalo kwangu ni somo zaidi. Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini Minneapolis, kilijenga ukumbi wa michezo mwaka 1928. Mwaka 1950 wakaugawa chini ya paa lilelile, upande mmoja kikapu, upande wa pili hoki ya barafu. Hoki ilipojengewa nyumba yake mwaka 1993, ule upande wa pili wakaupa mpira wa wavu, mieleka na jimnastiki. Jengo moja, na kila walipohama hawa, walikuwa wameshajua nani anaingia. Sikuona mahali ambapo jibu lilikuwa "tufunge kwanza, tutaangalia".

Najua mtakachosema: Marekani wana hela. Kweli wanazo, na vyuo vile vinaingiza fedha kwa michezo kwa namna ambayo sisi hatutaifikia wala sijui kama tuitamani. Siombi barafu. Naomba tabia ile ya kutazama paa kwanza, halafu kuuliza ni mchezo gani unaweza kuingia chini yake.

(Na paa lisilo na mwenyewe hupata mwenyewe. Chuo Kikuu cha Chicago kiliacha mpira wa Kimarekani mwaka 1939, majukwaa ya uwanja wao yakabaki matupu. Tarehe 2 Desemba 1942, katika chumba cha mchezo wa raketi chini ya majukwaa hayo, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake wakafanikisha kwa mara ya kwanza duniani mmenyuko mnyororo wa nyuklia, yaani atomu moja ikipasuka inapasua nyingine, mfululizo unaojiendesha wenyewe. Leo pale pamesimama maktaba. Kwetu atakayeingia ni mpambaji wa harusi, si Fermi, lakini wachezaji watakuwa wametoka vilevile.)

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu barua za kulalamika bila vipimo mmezipokea nyingi.

Chukueni futikamba, ingieni ndani, pimeni mambo matatu: urefu, upana na kimo cha paa mpaka kwenye boriti ya chini kabisa, si mpaka kwenye bati. Uwanja wa wavu ni mita 18 kwa 9, na kuuzunguka inahitajika nafasi ya mita 3 kila upande, kwa hiyo kwa uchache mnatafuta mita 24 kwa 15, na juu mita 7 pasipo kitu. Kikapu ni 28 kwa 15, bila kuhesabu pembeni. Mpira wa pete ni mita 30 na nusu kwa 15 na robo. Mpira wa mikono unataka 40 kwa 20, na hapo mabwalo mengi yatashindwa, tusijidanganye. Vinyoya ni 13.40 kwa 6.10, vinaingia karibu kila mahali ikiwa paa ni refu. Mpira wa meza wa mashindano unataka eneo la mita 14 kwa 7 na kimo cha mita 5, na kwa mazoezi hata chini ya hapo.

Kimo ndicho kinachowaumbua wengi. Nimeona ukumbi mmoja umechorwa mistari ya wavu kwa rangi nzuri kabisa, lakini kila mpira wa pili unagonga boriti. Kama paa lenu ni mita tano, msiweke wavu. Wekeni meza, judo, ndondi, vyuma vya kunyanyua, na wavu wa kukaa chini, ule wa wenzetu wenye ulemavu, ambao uwanja wake ni mita 10 kwa 6 tu. Nguzo zikiwa katikati, jengo hilo si la mipira; lifanyeni la mapigano na vyuma, na nguzo mzifunge godoro.

Sakafu. Terazo inang'aa, ni rahisi kudeki, na inaua magoti. Binti anayeruka kuzuia mpira mara themanini kwa mazoezi anatua mara themanini juu ya saruji. Bora kuliko zote ni mbao inayonesa, na ni ghali. Zulia la plastiki maalumu la michezo, linalokunjwa na kukunjuliwa, ni bei ya katikati na lina faida nyingine nitakayoitaja. Vichuma vya kusimamishia nguzo za wavu vizamishwe sakafuni mapema, vya wavu na vya vinyoya, kila kimoja na kifuniko chake. Mistari ya kila mchezo iwe na rangi yake. Hii ndiyo maana ya jengo la michezo mingi, na gharama yake kubwa ni kufikiri kabla ya kumwaga zege.

Paa. Hapa naomba sana. Majengo mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yaliezekwa asbesto, yale mabati ya saruji yenye nyuzi ambazo vumbi lake linadhuru mapafu. Msimtume fundi wa kawaida na drili akatoboe kutundika taa. Itafuteni kwanza, na kama ipo, iondolewe na wanaojua, watu wakiwa mbali. Jengo likikutwa na tatizo hilo ninakubali lifungwe, lakini kwa barua yenye sababu na tarehe.

Hewa na mwanga mnavijua, na yale madirisha ya matofali yenye matundu waliyotuachia wajenzi wa zamani yanafanya kazi nzuri kuliko feni zenu. Jua la jioni tu ndilo lizibwe upande wa magharibi, maana anayepokea mpira akilitazama haoni kitu.

Mlango. Pimeni kama kiti cha magurudumu kinapita, na kama kuna njia ya mteremko badala ya ngazi. Kikapu cha viti vya magurudumu kinachezwa kwenye uwanja uleule, magoli yaleyale, hakuna cha kuongeza ila mlango na choo.

Nitakaa kidogo kwenye suala la wasichana, kwa sababu hapo ndipo nilipotokea. Hapa Dar jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Vipindi vinaisha saa kumi na moja, wakati mwingine saa kumi na mbili. Uwanja wa nje usio na taa unampa mwanafunzi dakika chache, na hizo zinakwenda kwa wavulana wa soka waliokaa wakisubiri na mpira kwapani. Msichana anayebaki mpaka giza anarudi hosteli akiwa ameshika simu kama tochi na mawe mawili mfukoni. Wapo pia wanaovaa hijabu na wasiotaka kucheza mbele ya umati wa wanaume waliokaa ukutani wakitoa maoni. Hao hatuwaoni kwenye timu, halafu tunasema hawapendi michezo. Wapeni chumba chenye paa, mlango unaofungwa kwa ndani, vioo vya chini vilivyopakwa rangi, na saa mbili zao kwa wiki ambazo hakuna kocha wa kiume wa kuziomba "mara moja tu". Kwenye bwalo letu, kati ya wale ishirini na kitu, wasichana tulikuwa zaidi ya nusu, wala hakuna aliyetuhamasisha.

Mtaniuliza: mitihani je? Kumbi kubwa zinahitajika mitihani ya mwisho wa muhula. Sawa. Lile zulia linalokunjwa linatolewa asubuhi moja, madawati yanaingia. Mtaniuliza harusi je? Harusi zinaleta fedha na mimi si adui wa pilau. Lakini andikeni ratiba ukutani, ibandikwe mlangoni ambapo kila mtu anaisoma: siku tano za wiki ni za michezo, na Jumamosi ni ya kukodisha. Na fedha ya Jumamosi, hata robo yake, inunue mipira. Mwanafunzi akijua kwamba wavu alioushika umelipiwa na harusi ya Jumamosi, atapanga viti mwenyewe.

Kuna wanaosema majengo haya yabomolewe, yajengwe maghorofa. Kwa sheria hawana kikwazo kikubwa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe yale tu yaliyojengwa kabla ya 1863. Mengine mpaka Waziri ayatangaze. Kwa hiyo jengo la Mlimani la miaka ya 1960 ni mtoto mdogo mbele ya sheria hiyo. Ukumbi wa Nkrumah ulibahatika kuchorwa kwenye noti ya shilingi 500, na hakuna atakayethubutu kuugusa. (Msishtuke, siombi kupiga wavu Nkrumah.) Bwalo halijachorwa popote. Kinga pekee ya jengo la namna hiyo ni kutumika. Paa lenye watu chini yake likivuja, kuna wa kupiga kelele siku hiyohiyo. Lililofungwa huvuja miaka mitano kimya, kisha mhandisi anakuja kuandika kwamba halifai.

Mwaka 2027 sisi, Kenya na Uganda tutaandaa AFCON, na kazi kubwa inaendelea Arusha na kwingineko. Nafurahi kama kila mtu. Ila hakuna hata mlango mmoja katika viwanja hivyo utakaofunguliwa Jumanne saa kumi na moja jioni kwa ajili ya mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ualimu ambaye kesho kutwa atapelekwa shule ya kata kusimamia UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na hajawahi katika maisha yake kusimamisha nguzo ya wavu. Mwalimu huyo ni zao lenu. Wengine wanakuja kufundisha nami, na nawafundisha mimi kuhesabu hatua za uwanja.

Basi ninaomba yafuatayo kabla ya mvua za masika. Kila chuo kitaje hadharani majengo yake yaliyofungwa, na sababu ya kila moja. Kichague moja, moja tu, lipimwe na kutangazwa michezo inayoingia humo. Kamati ya ufunguo iwe na mwanafunzi wa kike ndani yake, mwenye nakala ya ufunguo mkononi, si jina kwenye karatasi. Rangi, zulia na magoli vitafuata polepole. Sisi tulianza na wavu wa samaki.

Mkihitaji mtu wa kupima, nitakuja Jumamosi yoyote kwa nauli yangu. Futikamba ninayo, ya mita hamsini. Mnijulishe tu siku ambayo mwenye ufunguo atakuwa amerudi likizo.

Wenu,
Mwalimu wa michezo,
Dar es Salaam